Mtunzi wa Wimbo wa Arobaini na Moja

Soweto, Mbeya
14 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Rozalia,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na lile goti ulilomlalamikia mkweo Bertha limepoa. Sisi hapa tu wazima, ila baridi ya Juni imetushika. Wifi yako Ikupa ananiambia mimi ni Mhehe wa jina tu, maana natetemeka kuliko yeye. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nisingependa likatike katikati.

Wakati wa Pasaka uliniuliza ile programu ya nyimbo imefikia wapi, nikakujibu kwa mkato kwamba vijana wamegombana. Sasa nikueleze vizuri. Programu inaitwa Sauti Nne. Kwaya huandikia humo nyimbo kwa nota zetu za do-re-mi, kisha kila mwanakwaya akazisoma kwenye simu yake. Ni programu huria: haiuzwi, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha. Waliouandika ni wawili. Farhan anatengeneza simu na kompyuta pale Mwanjelwa. Ni Mwislamu, hajawahi kuimba kwaya, aliingia kwa kupenda hesabu iliyomo ndani ya nota. Devotha ni karani wa kiwanda cha mbao huko Mafinga, na huimba sauti ya pili kigangoni kwao. Kazi yangu mimi ni kunakili nyimbo kutoka madaftari ya zamani. Hadi leo nimeingiza mia mbili na kumi na mbili.

Mwaka jana Farhan alitaka msimbo ugeuzwe toka chini. Nyimbo zihifadhiwe kwa nota za mistari mitano, ili programu za nchi nyingine ziweze kuzisoma, na do-re-mi ibaki sura ya juu tu. Devotha akakataa, akasema Farhan anawaandalia wageni meza huku wenye nyumba wamesimama. Farhan akamjibu kwamba yeye anaandika msimbo kama mtu anayepasua mbao kwa panga ilhali anafanya kazi kwenye misumeno. Haya waliandikiana hadharani, mahali ambapo kwaya zote husoma. Mwezi wa kumi Farhan akachukua nakala ya msimbo, akaenda nayo njia yake, akaiita Sauti Nne Mpya. Devotha akasema ni mpya kama shati la mtumba. Kwaya za Mbeya zikamfuata Farhan, za Iringa zikabaki na Devotha, na wimbo ulioandikwa upande mmoja haukufunguka upande wa pili. Nikawa nanakili kila wimbo mara mbili, Rozalia, kwa macho haya.

Baada ya Pasaka kulikuwa na jubilei ya sista mmoja Mafinga, na kwaya yetu ikaalikwa. Farhan akaomba tuende naye, asikie kazi yake ikiimbwa. Sasa, unajua madaftari yetu ya zamani hayasemi Do iko wapi. Mwalimu hutazama nani amekuja siku hiyo, akatoa Do kwa koo lake. Lakini nota za mistari haziandikiki hivyo, kwa hiyo msimbo wa Farhan ulipokuta pako wazi ulijaza C wenyewe, chini mno kwa sauti zetu, na mpiga kinanda wetu akafuata kilichoandikwa. Besi walizama hadi wakawa wananguruma, na akina mama wa sauti ya kwanza wakawa kama wanaongea. Devotha alikuwa benchi la nyuma. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kucheka, lakini alipouona uso wa Farhan hamu ikamtoka.

Baada ya chakula Farhan alimfuata, akamuuliza mwalimu anajuaje Do iwe wapi. Devotha akamwambia kwamba kwao inategemea mafua ya Faustina, mwimbaji wao wa sauti ya kwanza: akiwa mzima wanaimba kwa F, akiwa na mafua wanashuka hadi D. Farhan alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ameandika programu ya kwaya miaka mitano bila kumjua Faustina, akaomba aonyeshwe huyo mama, akamwamkia kwa heshima kama mkuu wa mkoa. Kisha wakakaa wawili na kompyuta hadi basi letu likapiga honi. Walikubaliana ndani ibaki do-re-mi, na nafasi ya Do iruhusiwe kuwa tupu. Nota za mistari zitatengenezwa pale tu mtu anapozihitaji, na yeye ndiye atakayeulizwa Do. Devotha naye akakubali msimbo wake wa zamani usafishwe, akakiri kuna mahali hata yeye hakumbuki alifanya nini. Wiki tatu baadaye nakala mbili zikarudi kuwa moja. Wakaweka na sharti: badiliko halipiti mpaka wote wawili waridhie.

Katika kusafisha walipitia wimbo mmoja mmoja, wakafika wa arobaini na moja, Ukungu Umeondoka. Devotha akanipigia, akaniuliza kwa adabu kwamba mimi kama mtunzi niliutunga nikiwa na Do ipi. Nikamwambia nitakumbuka nimjibu. Sikuwa na cha kukumbuka.

Rozalia, wimbo ule ni wako. Uliutunga ukichuma pareto, msimu ule mama alipolazwa, nami nikauandika kwa kuwa mimi ndiye niliyejua nota. Padre alipouliza nani ametunga, nikasema mimi. Ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Uliliweka chini, ukatoka, na hujawahi kunitajia mpaka leo. Kwa wimbo ule niliitwa Mbeya kuwa mwalimu wa kwaya, nikapewa nyumba, nikaoa, nikazeeka. Kwa miaka arobaini na saba nimekuja nyumbani kwa misiba tu. Nimesingizia nauli, kisha kazi, kisha miguu. Ukweli ni kwamba naogopa kukaa na wewe jikoni tukiwa wawili.

Jumatatu nilifungua faili, nikafuta jina langu mahali pa mtunzi, nikaandika Rozalia Kalinga. Programu hudai sababu ya kila badiliko. Niliandika kwamba mtunzi ni mdogo wangu, na kwamba mimi nilidanganya. Devotha aliridhia saa hiyohiyo. Farhan aliridhia baada ya swala ya isha, akaniandikia neno moja tu: shikamoo. Jina la zamani halifutiki kwenye kumbukumbu za programu. Anayetaka atayaona yote mawili, na tarehe. Naona ni haki.

Limebaki moja. Ubeti wa tatu unaoimbwa huku kote si wako. Sikuwa nimeuandika, na nilipofika Mbeya nilikuwa nimeusahau, nikaona haya kukuuliza, nikaunga wa kwangu, nao ni mbaya. Kila tukiufikia najifanya nakohoa. Kama bado unaukumbuka, na kama utanikubalia, nitapanda basi la asubuhi nije niuandike.

Msalimie Bertha na watoto, na majirani wanaonikumbuka. Ikupa anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga.

Ni mimi kaka yako,
Liberatus