Upande wa Kushoto wa Bi Moza

Pujini,
Pemba.
14 Mei 2024

Mpendwa dada yangu Rumaitha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati halijawatesa sana. Huku kwetu wazima tupo, tunamshukuru Mungu, ila ni uzima wa kujikokota. Baba, mjomba wako Haroub, mguu unamsumbua tangu mvua zilipoanza, na msikitini sasa huenda akiegemea gongo. Mimi nimo, kama unavyonijua.

Masika ya mwaka huu hayana huruma. Muhogo wa bondeni umeoza ardhini, na wenye mikarafuu wanasema hawaoni dalili yoyote ya maana. Watu wamekaa vibarazani wanatazama maji yakipita.

Sauti uliyonitumia niliipata. Niliisikiliza peke yangu, nikairejea. Umesema nimempandia mama yako kichwani mbele ya maiti, na kwamba hukunidhania hayo. Sikukujibu kwa simu kwa kuwa sauti za simu hazikai kwa mtu mmoja. Leo nakutumia wewe, kesho inasikilizwa Mtambile. Suhaib anarudi Maskati Jumamosi na atakuletea, nikaona bora niandike kwa mkono, uisome umetulia.

Unajua kuwa shangazi, mama yako, ndiye aliyenifundisha kuosha maiti. Tangu sijaolewa nilikuwa nikimfuata nyuma, nikimshikia kopo la maji. Kwa miaka mingi hakufa mwanamke hapa Pujini asipite mikononi mwake. Kwa kazi nyengine alikuwa na mkono mzito, hata vikombe vyake vyote vina mapengo, lakini akimgusa maiti ungedhani anamgeuza mtoto aliyelala na hataki aamke.

Alinifundisha pia namna ya kumwambia yeye mwenyewe akikosea. Alisema hakuna asiyesahau. Kilichoachwa kikiwa ni sunna, ningoje mpaka tukiwa njiani kurudi. Kikiwa ni faradhi nimwambie pale pale, lakini nimwambie sikioni, wafiwa wasisikie, maana wana mzigo wao unawatosha.

Mwaka jana akaanza kusahau. Mara ya kwanza ilikuwa karafuu maiti ya kutia sandani. Tulifunga sanda na kifurushi kimebaki dirishani. Nilimwambia njiani. Akasimama, akanishika bega, akasema, "Umefanya vyema hukunambia kule." Nilifurahi siku ile. Baadaye akasahau tena jambo jengine, nikamwambia, akatangulia mbele. Halafu ikafika siku nimemwambia akanijibu, "Mwalimu nani hapa, mimi au wewe?" Na wakati huo huo masikio nayo yakawa yanamtupa. Ukimsalimia kutoka mlangoni haitikii, mpaka ageuke akuone.

Nilikwenda kwa baba. Nilimwomba azungumze naye apumzike, au japo tumpeleke hospitali Chake akatazamwe. Baba akasema, "Dada yangu kaosha watu wewe hujazaliwa. Mwache. Mungu anaijua nia yake." Nikamuuliza, "Na maiti je, baba?" Akaomba aletewe maji ya kutawadha. Na wewe nilikugusia wakati wa Idi, ukasema ni utu uzima tu. Sikulaumu, Rumaitha. Hata mimi nilitaka iwe utu uzima tu.

Sasa nikueleze siku yenyewe, kwa sababu aliyekusimulia hakuwamo chumbani.

Alifariki Bi Moza, yule aliyekuwa akiuza mikate ya kumimina njia ya magofuni. Tulimwoshea chumbani kwake, pazia limefungwa mlangoni, na nyumba imejaa wanawake wanasoma Yasini. Binti yake, Yumna, alikaa karibu kabisa na pazia. Shangazi alianza vizuri. Akamtawadhisha, akamwosha kichwa, akamwosha upande wa kulia. Nikamgeuza maiti ili aoshwe wa kushoto. Shangazi akamtazama kidogo, akanambia nimrudishe, akamwosha wa kulia tena. Kisha akaweka kopo chini, akajifuta mikono, akasema, "Haya, lete sanda."

Nilimgusa mkono nikamwonesha. Akadhani naonesha taulo, akaichukua. Nikamsogelea, nikamwambia sikioni kama alivyonifundisha.

"Unasemaje?"

Nikarudia.

"Sema, mwanangu, sisikii!"

Alikwisha kuanza kumfuta. Maji yale, Rumaitha, hayakumfika Bi Moza nusu ya mwili, na akishavishwa sanda nani angemfungua? Nikasema kwa sauti, "Shangazi, upande wa kushoto hujauosha!"

Nje Yasini ikakatika. Shangazi alinitazama, akaitazama mikono yake, akamtazama Bi Moza. Nilimwona anatafuta, anajaribu kukumbuka, na hakipati anachokitafuta. Kisha akanipa kopo. "Maliza wewe," akasema. Akaenda akakaa kwenye pembe, mikono yake mapajani, na mimi nikamwosha Bi Moza wa kushoto huku machozi yananitoka, nikijitahidi yasimdondokee.

Kama mambo yangeishia pale, pengine watu wangesahau. Lakini tulipotoka Yumna alisimama mbele ya shangazi, na mfiwa huwezi kumzuia. Akasema, "Na bibi yangu je? Yeye alioshwa pande zote mbili?"

Hilo ndilo lililomvunja mama yako. Mimi nilimkera tu. Aliondoka bila kula, kwa miguu, kwenye mvua. Nilimkimbilia na mwavuli akanisukuma mkono.

Tangu siku ile wanawake wananijia, mmoja mmoja. Huyu anauliza habari za mama yake, yule za dada yake. Kwa wale waliooshwa nami nipo, nawaapia kwamba wote walioshwa wakatimia, na ni kweli. Lakini kulikuwa na misiba ambayo mimi nilikuwa Makangale kwa wakwe zangu, na shangazi aliosha na wasaidizi wasiojua. Hao nawajibu kuwa sijui. Nawaona wanavyoondoka. Shehe Suud aliwaambia baada ya sala ya Ijumaa kwamba aliyezikwa kazikwa, na Mungu ni mwingi wa rehema, basi watu waache kuulizana. Wameacha kuulizana hadharani.

Wengine wananiambia nilifanya sawasawa. Wengine hawanambii kitu, ila wakipita na mimi nipo barazani wanatazama upande mwengine. Baba amesema neno moja tu, kwamba ningeweza kungoja. Sikumuuliza ningoje mpaka lini.

Nilikwenda kwa shangazi kumtaka radhi. Aliitikia salamu kutoka ndani, hakufungua. Kwa kuwa hasikii, ilinibidi nimtake radhi kwa kupiga ukelele mlangoni, na majirani wote wakatoka kutazama. Fikiria mtu kuomba msamaha namna hiyo. Nilikwenda tena, ikawa vile vile, nikaona kila nikienda namwaibisha upya, nikaacha. Chakula nikawa nampa Ashraf wa jirani ampelekee, na nilimkataza asiseme kimetoka kwangu.

Misibani sasa wananiita mimi. Nakwenda kwa sababu hakuna mwengine, na kila nikiingia chumbani naona wanamtafuta yeye nyuma yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo, nisingoje.

Juzi Ashraf alikuwa na homa, nikapeleka chakula mwenyewe. Nilitaka kukiacha kizingitini niondoke. Mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa amevaa kanga zake za kutokea, akanitazama, uso wake ukafunguka wote. Akasema, "Rumaitha! Umekuja saa ngapi, mwanangu?"

Nilisimama na sahani mkononi. Aliniingiza ndani, akanikalisha kitandani karibu yake, akaniuliza habari za Maskati na za watoto wako. Nilijibu kwa nilivyojua. Alikuwa amenikumbatia, sikio lake liko hapa mdomoni kwangu, hata sikuhitaji kunyanyua sauti.

Kisha akaanza kunisimulia, akanisema mimi kwangu mwenyewe. "Kazija kasema kweli," akanambia. "Upande ule sikuuosha. Lakini kanipigia kelele, mwanangu, mbele ya maiti. Mimi siku zote nilimfundisha kwa upole."

Nikamwambia sikioni, "Msamehe, mama. Alikunong'oneza kwanza, hukusikia."

Akafikiri sana. Kisha akanipigapiga mkono, mkono huu huu ninaoandikia, akasema, "Akija nitamwambia mwenyewe."

Sikumwambia mimi ni nani. Nimewaza tangu juzi kama ni sunna au ni faradhi kumwambia, na yeye ndiye mtu pekee ambaye ningemuuliza. Nimekula naye, nimemfunikia miguu, nimeaga kwa jina lako. Akaniuliza kama nitarudi kesho nikasema ndiyo, na jana nikarudi, na leo jioni naenda tena.

Basi njoo, dada yangu, ukiweza kupata ruhusa japo ya siku chache. Sikuiti kuja kunihukumu, ingawa hata hilo una haki nalo. Njoo umkumbatie mwenyewe, tumpeleke Chake pamoja, kwa sababu hizi salamu ninazozipokea kwa niaba yako si zangu.

Baba anakusalimu sana, anasema usisahau dawa yake ya kuchulia mguu. Shehe Suud na watu wake wanakusalimu. Ashraf homa imepungua. Nifikishie salamu kwa shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu awahifadhi ugenini, azitie baraka riziki zenu, na amjaalie mama yetu wepesi katika siku alizobakiza.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata ukiwa umenikasirikia,

Kazija Haroub