Msingi Niliochimbiwa

Jumanne, 6 Mei

Paa la mwalimu limekwisha. Mvua ilikuja saa nane, tukajibanza na mafundi wangu wawili chini ya upande uliokwisha kuezekwa, ikakatika, tukamalizia. Halivuji. Nyumba nilizoezeka mimi hazivuji, asiyeamini akaulize kuanzia Kisii hadi Keroka.

Goti la kushoto linauma nikishuka ngazi. Si neno. Nina miaka arobaini na minne na mpango wangu uko wazi: nikifika hamsini sipandi tena. Nitakuwa na yadi yangu Nyakoe, kando ya lami. Naunda kenchi za paa nikiwa nimesimama ardhini, vijana wanazipakia kwenye lori, wanaenda kupanda wao. Hakuna atakayenipa pensheni. Nitajijengea.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepitia kwa Mzee Hamisi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Kisii. Ile ploti ya Nyakoe ni yake, amenishikia tangu Januari. Sasa kuna mtu mwingine anaitaka. Nilipe Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, la sivyo tuachane kwa heri. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Pesa iko. Miaka sita nimeweka, kila paa na chake.

Mabati na mbao za banda la yadi nilishanunua bei ikiwa chini. Chumba chetu cha kupanga hakitutoshi hata sisi wenyewe, kwa hiyo jana nimevipeleka kwa Mama, Gesima. Nikamwambia aniwekee tu. Kwamboka, mke wangu, ameuliza kama nimemweleza Mama ni vya nini. Nikasema mabati ni mabati.

Jumapili, 11 Mei

Nimekasirika.

Mama alipiga simu asubuhi akicheka, njoo uone. Nikaenda. Nikakuta watu wa kanisa, majirani wa mashamba ya chai, ndugu za marehemu baba, wote na majembe na sepetu. Wameng'oa migomba, wamesawazisha, wamechimba msingi. Vyumba vitatu! Mama amepika ugali wa wimbi na kuku. Kwao hakuna fumbo: mwanamume hapeleki mabati nyumbani kama hajengi. Na mimi fundi mzima, mzaliwa wa hapa hapa, sikuliona hilo likija.

Baba mdogo alinishika mkono mbele ya wote, akamshukuru Mungu kwamba mtoto wa ndugu yake amekumbuka kwao. Akaomba dua ndefu. Nikaitikia amina. Ningesema nini? Kuku nilikula pia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga misumari vibaya siku nzima. Mbao mbili nimezipasua.

Kujenga Gesima na kununua Nyakoe kwa pamoja, pesa haifiki. Nichague moja. Kufukia siwezi. Msingi wazi uliotelekezwa bomani, watu wataona kaburi, watasema namchulia Mama. Lakini ploti ya kando ya lami nikiiacha, sipati nyingine kwa bei ile. Miaka sita ya jasho, jamani, na mtu anaipangia kwa jembe asubuhi moja!

Kwamboka amesema niende nikamwambie ukweli, kwa sababu kunyamaza kwangu ndiko kulikochimba huo msingi. Mwanamke huyu ana mdomo. Pia ana haki.

Jumatano, 14 Mei

Nimeenda. Mama alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai, kikapu bado mgongoni. Nikamweleza yote pale pale uani: Nyakoe, yadi, goti, miaka hamsini. Nilidhani atalia. Hakulia. Alitua kikapu, akaniuliza swali moja.

"Ukishuka mapaa ya watu, utashukia wapi?"

Nikasema Nyakoe. Akasema Nyakoe ni soko, na soko jioni kila mtu huenda kwao. Kisha akasema kama nayataka mabati yangu niyachukue. Yeye atasimama kanisani Sabato awaambie watu kwamba alikosea.

Hilo ndilo lililonichoma. Mama yangu asimame aombe radhi kwa sababu ya mdomo wangu mzito.

Na swali lake nimerudi nalo hadi nyumbani. Nimepanga yadi, lori, vijana, banda. Mahali pa mimi na mke wangu kuzeekea sikupanga. Nilidhani patajileta.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeshinda juu ya paa nikiwaza. Nyakoe niliitaka kwa nini? Wateja wanione. Nani aliyewahi kuniona barabarani akanipa kazi? Hakuna. Wote hunipigia simu, wameelekezwa na mtu ambaye nyumba yake haivuji. Kenchi hubebwa na lori, na lori linafika Gesima. Ardhi ya baba ninayo, hadi kule chini njiani.

Nimempigia Baba mdogo. Hataki msumeno ungurume karibu na nyumba za watu. Tumevutana, tukakubaliana: nyumba ijengwe kwenye msingi, banda likae chini njiani, na Sabato kimya kabisa. Sabato mimi sigusi hata nyundo, alikuwa ananifundisha nini?

Kwamboka amekubali kwa sharti lake. Biashara yake ya ndizi Kisii haiachi. Atakuwa anakuja Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato haijaingia.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwendea Mzee Hamisi mwenyewe, si kwa simu. Nikamwambia sichukui. Aliagiza chai. Akasema ploti ataiuza jioni hii hii, lakini saruji ya nyumba ninunue kwake. Nimenunua.

Roho iliniuma nilipopita Nyakoe. Niliacha iume. Nyumba nitaijenga, na yadi itakuja. Najijua.

Jumapili, 3 Agosti

Vyumba viwili vimekwisha, cha tatu bado sakafu. Nguzo za banda zimesimama kule njiani. Wiki ijayo naanza kenchi za kwanza, za mtu wa Keroka.

Mvua tangu alfajiri. Mama amekuja na maziwa, ameketi barazani apumzike kwanza, ndani hajaingia. Amevua viatu. Tulikuwa tukizungumza habari za ng'ombe, nikaona hajibu. Amelala pale pale kitini, mikono mapajani, anakoroma kidogo. Kwamboka amemfunika leso, nasi tunaongea polepole tusimwamshe.