Mama mkwe analitaka bakuli la mbwa wangu

Shangazi Naima,

Shikamoo, na kama ikitokea mimi ndiye mkubwa basi nirudishie shikamoo yangu kupitia gazeti, nitaipokea. Naandika kutoka Miyuji hapa Dodoma. Kwa kawaida watu ndio wanaokuja kwangu kutaka ushauri, kwa sababu shule niliishia darasa la sita lakini barabara ikanimalizia masomo, nimeendesha malori mpaka Ndola na Lubumbashi, nimelala mipakani nikala vya mipakani, ugomvi wa mke na mume mimi nautatua kabla chai haijapoa. Lakini hili limenizidi, shangazi, nisaidie, na jina langu ulifiche, ingawa najua ni kazi bure, maana Miyuji dereva mstaafu mwenye mbwa anayeitwa Tunduma ni mmoja tu.

Huyo Tunduma nilimpata kwenye foleni ya malori kule kule mpakani, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, na sasa ni bwana mkubwa. Ndola niliwahi kuona mbwa wa tajiri mmoja ana bakuli lake la maji na bakuli lake la chakula, nikasema moyoni, Tunduma naye ana damu kama huyu. Nikamnunulia bakuli la plastiki dukani kwa Imtiaz. Shangazi, jua la hapa la mwezi wa kumi unalijua? Saa saba mchana maji ya kwenye plastiki unaweza kutia majani ya chai ukanywa. Halafu likiwa tupu analibeba mdomoni anazunguka nalo uani kama karani mwenye bahasha.

Basi mke wangu Ruthu akaenda Buigiri kwa mama yake, kumuuguza, kwa sababu mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, akakaa huko miezi miwili. Mimi nikabaki na Tunduma. Na kabatini kulikuwa na bakuli la udongo la Ruthu, kubwa, mdomo mpana, alilinunua kwa mama mmoja mfinyanzi na hajawahi kulitumia, anasema la wageni. Nikalitazama, nikalijaza maji, nikaliweka uani kivulini karibu na pipa. Shangazi, udongo unapoza! Maji yakawa baridi kama ya mtungini, Tunduma akanywa, akanitazama, akanywa tena, na tangu siku hiyo plastiki hataki hata kulinusa. Nilikuwa nambadilishia maji asubuhi na jioni, na hapa kwetu ni mgao, lakini nilijinyima mimi. Nikasema Ruthu akirudi nitalisugua na kulirudisha kabatini, nani atajua.

Ruthu akarudi bila kupiga simu, na mama akiwa naye, amekuja kuangaliwa macho mjini.

Hapa nikueleze kidogo. Mama mkwe wangu tangu nimemwoa binti yake hajawahi kuniita kwa jina wala kwa undugu wowote. Mimi ni "dereva". "Dereva hajambo?" "Mwambieni dereva apunguze sauti." Na nyumbani kwangu hakuwahi kupika hata maji. Siku hiyo Ruthu kashusha mizigo, kakimbilia soko la Majengo kutafuta nyama, na mama akasema yeye hawezi kukaa kama mgonjwa, ana unga wake wa mlenda ametoka nao Buigiri, atapika. Mimi nimekaa barazani na Tunduma, mlango wa jiko la nje uko wazi, naona. Namwona mama anatoka, anakwenda kwenye pipa, anainama, anainuka na bakuli la Tunduma.

Sasa utaniuliza, kwa nini hukuruka? Shangazi, sisi ni Wagogo wa kulelewa. Mkwe hamkimbilii mama mkwe wake, haingii jikoni mama akiwemo, hamshiki mkono akamnyang'anya chombo, na maneno "mbwa" na "chakula" hayasemi mbele yake katika sentensi moja. Nikabaki nimesimama pale barazani kama alama ya barabarani.

Nikajaribu kwa mbali. "Mama, lile bakuli..."

"Nimeliona, mwanangu," akajibu kutoka ndani. "Zuri."

Mwanangu! Shangazi, niligeuka nyuma kuangalia anaongea na nani. Nikasema, "Labda kabatini kuna lingine lingekufaa zaidi, mama."

"La nini, mwanangu? Hili lina nafasi."

Basi nikakaa. Nikamwona analinusa, anacheka peke yake, anachota majivu jikoni analisugua, analisuuza, analisugua tena kwa majivu, halafu anachukua birika la maji yaliyochemka na kulimwagia lote. Nikasema, ona wanawake wa zamani walivyo wasafi. Kisha akatoka na mfuniko wa sufuria, akautia maji, akauweka mbele ya Tunduma, akamwambia, "Pole, baba." Nikasema, ona alivyo na huruma.

Ruthu akarudi. Mlenda ulipikwa kwenye sufuria, na karanga, na magadi kidogo, ukaletwa barazani kwangu umejaa ndani ya lile bakuli, na ugali wa uwele pembeni. Wao wakabaki na sufuria ndani. Ningefanya nini? Kukataa chakula cha mkono wa mama mkwe? Nilikula, shangazi. Nilikula mpaka nikalifuta bakuli kwa tonge, na nikuambie kweli ya Mungu, ulikuwa mlenda mtamu kuliko wote niliokula maishani, na Tunduma amekaa mbele yangu ananitazama kila tonge kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Mama kutoka ndani akauliza, "Umeshiba, mwanangu?" Nikasema nimeshiba, mama. Nikasikia wote wawili wanacheka, nikafurahi, nyumba ina amani.

Mama akarudi Buigiri. Ruthu akaliweka bakuli kabatini juu kabisa, anasema sasa ni bakuli la mama. Tunduma anakunywa kwenye plastiki kwa manung'uniko, anamwaga nusu, halafu anakwenda kukaa chini ya kabati anatazama juu. Juzi mama kampigia Ruthu simu: Jumapili hii mjukuu mwingine anabatizwa Buigiri, na dereva aje. Halafu akajisahihisha, "Mwanangu aje. Na lile bakuli nalitaka. Aje nalo mwenyewe."

Sasa shangazi, nikilipeleka, ukoo mzima utakula kwenye bakuli la mbwa, na mimi nimekaa nao nachekacheka. Nikisema, nimemlisha mama yangu mkwe kwenye bakuli la mbwa, narudi kuwa dereva mpaka kaburini, na safari hii dereva mchafu. Nilikuwa nimefikiri nilivunje, niseme limeanguka, lakini roho inaniuma, Tunduma analipenda, na mama analipenda, na hata mimi nimeanza kulipenda. Mimi mtu wa mipaka yote hiyo, bakuli linanishinda. Nifanyeje?

Dereva mstaafu, Miyuji

NAIMA ANAJIBU

Marahaba, bwana dereva, mimi ndiye mkubwa. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mke na mbwa umewataja mwenyewe.

Nianze kwa kukusifu, maana sitarudia. Mtu anayejinyima maji ya mgao ili mbwa wake anywe ya baridi ana moyo mzuri. Mbwa anataka maji safi, yaliyobadilishwa, kivulini, kwenye chombo kizito asichoweza kukibeba, na hayo yote uliyapatia. Kosa lako ni moja tu: ulichukua chombo cha mke wako bila kumwambia. Akili ya kupoza maji unayo, ulimi wa kusema "Ruthu, niazime" ulipotelea wapi? Mpakani?

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu umeandika barua ndefu na hukuisoma.

Unasema umemlisha mama yako mkwe kwenye bakuli la mbwa. Wapi? Nimeisoma barua yako mara mbili na chai mkononi. Mlenda ulipikwa kwenye sufuria. Mama na Ruthu wakala kwenye sufuria. Bakuli lilikuja barazani. Aliyekula kwenye bakuli la mbwa ni mtu mmoja, na akalifuta kwa tonge.

Mama yule ametoka kutolewa mtoto wa jicho, anaona mpaka sisimizi, na wewe unadhani hakuona manyoya kwenye ukingo? Akalinusa, akacheka. Akalisugua kwa majivu mara mbili. Akalimwagia birika zima la maji yaliyochemka. Dodoma, kwenye mgao! Nani anamwaga birika zima kwa chombo kisafi? Na nani anamwambia mbwa "pole, baba" kama hajui amemnyang'anya nini? Kisha akampa maji kwenye mfuniko, ili asikae na kiu wakati bakuli lake liko kazini. Mama anajua, bwana dereva. Alijua tangu alipoinama pale kwenye pipa. Usafi alihakikisha, ndiyo maana hukuumwa tumbo, halafu akakupakulia wewe mwenye bakuli, akakusikiliza unavyomeza. Kile kicheko ulichokifurahia kilikuwa chako.

Na bado alikuita mwanangu. Hapo ndipo ungepaswa kuelewa. Mtu humtania hivyo wa kwake. Dereva angeletewa sahani.

Lakini utani una mwisho wake, na mama ameshakuonyesha ulipo. Angekuwa anataka bakuli tu, angembebesha Ruthu. Amesema uje nalo mwenyewe. Anataka kuona kama mkwe wake ni mtu wa kuja na maneno mkononi, au ni mtu wa kusubiri mpaka ukoo uwe umeshakula.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Utamwambia Ruthu leo, kabla hujavua viatu, hata kama mama alishamnong'oneza. Atakasirika, na hasira hiyo uliinunua, ivumilie. Ukitoka hapo, leo hii hii, nenda kwa yule mfinyanzi ununue mabakuli mawili mapya, moja la Ruthu la wageni, moja la mama. Lile la Tunduma lishushe kabatini umrudishie, na ulitie alama kwenye ukingo kwa msumari, mtu asije akakosea tena. Lisugue kila siku lisije likaota utelezi, na likae mbali na jiko.

Halafu nenda Buigiri na bakuli jipya, umsalimie mama kwa adabu zako zote ukiwa mlangoni, umwambie, "Mama, hili ni lako. Lile ni la mbwa, nilinyamaza kwa aibu." Maneno hayo tu. Usimletee habari za Ndola. Akicheka, cheka naye. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Ukipewa chakula, kula.

Na usingoje Jumapili. Gazeti hili linatoka Jumamosi asubuhi, Buigiri linafika, na mama sasa anasoma bila miwani. Lubumbashi ulifika, bwana dereva. Buigiri ni hapo tu.