Matanga Yako Tuliyamalizia Kwenye Majani

Furaha, mtoto wa dada yangu,

Unajua mwenyewe, hapa ugenini Louisville mtu hazikwi vizuri kama mimi sijasimama. Siku yako mchungaji alingoja nikohoe ndipo akafungua Biblia. Waliotoka Columbus wanasema hawajaona mjomba anayelia kwa mpango kama mimi. Bon. Nilikulilia kweli. Upande wangu wa jeneza niliubeba kwa mkono mmoja, na hiyo si sifa. Ugonjwa ulikuwa umekumaliza.

Nyumba yako ya Highview tumeirudisha kwa mwenye nyumba. Mwanao Neema yuko kwangu, South End. Anakula kidogo. Ukimsemesha anajibu Kiingereza, halafu anafunga mlango. Neno moja tu alilisema kwa Kiswahili: matanga ya mama yamalizikie msituni, kwenye njia yake, majani yakiwa mekundu.

Umekufa na bado unanisumbua. Kila mwaka majani yakigeuka rangi ulikuwa unatukokota: kwenye vilima vya hapa kusini, kwenye mabonde ya Columbus, mpaka Buffalo kwa binamu zako, ambako baridi inauma masikio mapema. Wenzako wanaingia njiani na chupa za chai, mimi nabaki pakingi. "Nalinda magari," nasema. Wewe unacheka: "Mjomba, nani ataiba hiyo gari yako, hata redio haina?"

Hukuweza kujua kwa nini siingii. Ulikuwa mgongoni mwangu. Kule nyumbani, tukikimbia vita, tuliingia msituni na mama yako wakati wa kiangazi, majani makavu chini, kila hatua inatangaza tuko wapi. Mama yako alikanyaga, wenye bunduki wakasikia. Donc, alibaki kule. Zile hadithi zangu za chui na fimbo, ninazowachekesha nazo watu kanisani, haziingii pale.

Lakini matanga hayaishi mjomba asipotangulia. Jumamosi wote walikuwa nyuma yangu mwanzo wa njia, wa Columbus, wa Buffalo, Neema ameshika picha yako. Upepo unasukuma majani. Nikainua mguu, nikaurudisha. Nikainua tena. Mama Rehema wa Buffalo akanong'ona, "Mzee amesahau maneno." Mimi, nisahau maneno? Nikainama, nikavua viatu, nikawaambia: kwetu, mkubwa wa ukoo humsindikiza marehemu miguu mitupu.

Wote wakavua. Hata mchungaji, na soksi yake ina tundu. Tukapanda polepole mpaka kwenye benchi lako kule juu, majani baridi kama maji ya mto. Nikasema maneno ya kumaliza. Neema alilia, mara ya kwanza tangu uende. Akaniegemea, akasema yuko na njaa. Tukashuka, akala ugali wote.

Basi lala, binti yangu. Neema nitamtunza mpaka asimame mwenyewe. Na majani yakigeuka nitaenda naye hadi kwenye benchi, si kwenye gari.

Ila jambo moja, ukae nalo huko. Buffalo wamenipigia simu. Wana matanga yao, wanauliza kama watoto nao wavue viatu. Nimewajibu ndiyo, wazee wenye sukari tu ndio wasamehewe.

Furaha, desturi hiyo haipo. Nilivua viatu ili majani yasipige kelele.

Mjomba wako