Siku ya Arobaini na Moja

Jumanne, 23 Januari

Siku ya thelathini na tisa ya nadhiri. Kesho tunaanza safari ya kupanda mlima Pothigai. Naogopa kwenda juu. Mimi fundi cherehani, maisha yangu yote nimekaa kitako. Balbu ikiungua nyumbani, anayepanda kiti ni mke wangu Ponni. Sasa ana mimba ya miezi minane, kwa hiyo tunakaa gizani.

Watoto wawili tumeshawazika. Kwa ajili ya huyu wa tatu ninampelekea maziwa mzee wa mlimani, mtakatifu wa kale mwenye sanamu kileleni. Wazo ni la Baba Mkubwa. Alisema mtu akifunga siku arobaini na moja, bila nyama, akapanda peku, hanyimwi. Amenilea tangu nina miaka mitano na hajanidanganya hata mara moja.

Jioni nilikwenda kumuaga. Kiharusi kimempinda mdomo lakini maneno bado anayo. Akanipaka majivu kwenye paji la uso kwa mkono wa kushoto. Akasema nikifika kwenye miamba nisitazame chini, nimtazame Nambi mgongoni.

Nambi ni mwanawe wa pekee, kaka yangu. Naye anapanda, kumwombea baba yake mkono wa kulia urudi. Amezima simu ili chaji ibaki ya kupiga picha kileleni. Anataka baba aione.

Jumatano, 24 Januari

Nimefanya jambo baya. Naliandika kwa sababu siwezi kulisema.

Saa mbili asubuhi tulikuwa ofisi ya msitu, vibali vinakaguliwa. Simu yangu ikalia. Ponni. Baba Mkubwa amefariki alfajiri. Wamemlaza kwenye sanduku la barafu na watangoja mpaka kesho saa tisa alasiri, si zaidi — Nambi aje awashe moto wa kumchoma, kazi ya mtoto wa kiume. Akasema nisimwambie ghafla, nimwambie baba amezidiwa, turudi. Nikasema sawa.

Nikageuka. Kaka alikuwa anaziba chungu chake cha maziwa kwa jani la mgomba.

"Nani huyo?"

"Ponni. Anatutakia safari njema."

Sijui nilipatwa na nini. La, najua. Ukifiwa, ukoo mzima una mwiko siku kumi na sita. Hakuna hekalu, hakuna mlima, na siku zangu zote zinafutika. Kibali chetu ni cha siku tatu hizi tu. Mtoto anazaliwa mwezi ujao. Niliona kaburi dogo la tatu, nikaogopa. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Simu nikaizima.

Msitu unapoanza kuna jiwe la ibada. Kiongozi wetu Mallan, mzaliwa wa humu humu, alisimama mbele yetu watu wanane. Kila kundi huliuliza. "Kuna mwenye msiba nyumbani? Aseme sasa, arudi kwa heri. Akipanda nao, mlima haumdai yeye peke yake."

Nikainama kukaza kamba ya chungu changu cha maziwa. Kaka Nambi akanipiga kiwiko. "Fundi, mbona jasho? Hata kilima hatujakiona." Wenzetu wakacheka.

Tumetembea saa saba. Ruba mpaka kati ya vidole. Mchana tembo jike alisimama katikati ya njia na ndama wake. Tulijibana nyuma ya mwamba, tunamsikia anavyovuta pumzi. Mallan hakumtazama tembo. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, na aliponifikia mimi alikawia. Au nilidhani. Kaka alinishika mkono muda wote. Kiganja chake kikavu, changu kinavuja maji. Baadaye tembo akaondoka zake, nasi tukaendelea mpaka kambini.

Jioni uji wa mchele na dengu. Kaka amenimegea papadi yake ya kukaanga kama tulivyokuwa wadogo. Nikajisemea, mwambie. Tukishuka mbio alfajiri tunamkuta baba kabla hawajamtoa. Nikafungua kinywa. Yeye akaniwahi: "Akiwa wa kiume, mpe jina la baba. Yule mzee atalia kwa furaha."

Nikafunga kinywa.

Alhamisi, 25 Januari

Saa kumi na mbili. Mvua na ukungu. Hatuendi juu, hatuendi chini. Mallan anasema mlima una jambo, tungoje. Nimwambie sasa.

Saa moja. Kaka anaimba huku anapiga mswaki. Nimwambie sasa.

Saa mbili. Sasa hata nikisema hatuwahi. Nimeona nafuu. Nafuu! Mtu wa namna gani huona nafuu hapo?

Alhamisi hiyo hiyo, saa saba na nusu

Mvua ilikatika saa tatu, tukapanda. Niko chini ya mwamba wa mwisho. Peke yangu. Nikiacha kuandika nitatazama kushoto, na kushoto hakuna kitu, ni mawingu tu yanayopanda kutoka chini.

Mwamba umelowa. Mallan ameamua tupande mmoja mmoja, kamba kiunoni, aliyetangulia anamshikia anayefuata. Mwanzoni alitaka anishike yeye. Kaka akakataa. "Huyu ni wangu. Baba amenikabidhi." Wote wameshapanda, wamekwenda na Mallan kwenye sanamu, nimebaki mimi. Kaka amekaa ukingoni juu yangu, kamba ameizungusha kiunoni mwake. Ameniambia nivute pumzi kwanza, hatuna haraka, yeye anapiga picha.

Siku za mwizi arobaini. Yangu leo ni ya arobaini na moja.

Nimesikia simu yake ikiwaka. Ule wimbo wake mfupi. Kumbe juu kule mtandao unashika. Nilijua. Tangu jana nilijua, nikajifanya sijui.

Ujumbe unaingia. Mmoja. Mwingine. Nimehesabu sita nikaacha.

Anapiga nyumbani. Upepo unachukua maneno, lakini mengine yananifikia. "Ponni? Sema polepole." Kisha, "Lini?" Kisha, "Nani aliambiwa?"

Chungu kimeanguka. Kimegonga mwamba mara mbili, kikapita kulia kwangu, sikukisikia kikifika chini. Maziwa yanachuruzika kwenye jiwe, yamefika usawa wa goti langu. Ni ya kumwombea baba yake mkono. Changu bado ninacho mgongoni, kimejaa.

Ningepiga kelele, lakini niseme nini? Naomba radhi? Mimi niliyekula uji wa Baba Mkubwa kwa miaka yote ile? Saa tisa watawasha moto, na atakayewasha si mwanawe, kwa sababu yangu. Nimemnyang'anya kaka yangu baba yake nikamfanya mzee achomwe na mkono wa jirani. Na bado — Mungu anisamehe — bado nataka kufika juu na maziwa haya.

Kamba imelegea. Imelala tu juu ya jiwe.

Sasa imekaza tena.

"Petchimuthu."

Miaka thelathini ananiita fundi, mdogo wangu, we mjinga. Jina langu hajawahi kuniita.

"Jifunge vizuri. Panda."

Sauti yake ya kawaida kabisa. Hajauliza kitu. Mallan simsikii, wenzetu siwasikii. Nimefunga fundo, nimelifungua, nimelifunga tena. Vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano usiku bila taa leo vinashindwa na kamba.

"Panda, nimekushika."

Baba Mkubwa alisema nimtazame Nambi mgongoni. Kutoka hapa mgongo wake hauonekani. Naona mikono yake tu, na kamba.