Kesi Yetu Ilianza Lini

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono iliyojaa unga. U hali gani, na shemeji, na wale watundu wako? Sisi wazima. Mimi nimezidi kunawiri; juzi wakili wangu aliniuliza nimesoma chuo gani, nikamjibu chuo cha tanuri.

Mimi na Kaka tumeshtakiana. Usishike kichwa! Yeye anataka mashine ya kukandia unga, mimi nasema mikono ya wafanyakazi wetu ina adabu kuliko chuma. Mkataba wa kiwanda chetu cha mikate unasema tukishindwana twende kwa msuluhishi, si mahakamani. Tukaenda: mama mmoja wa miwani, hacheki hata ukimtekenya.

Sasa sikia kioja. Sheria ya usuluhishi imebadilishwa. Ya zamani inafunga biashara mpaka kesi iishe. Mpya inaacha kazi iendelee. Tanuri la marehemu baba lipoe? Wateja wote wangehama! Wakili wa Kaka akadai sheria ya zamani, maana mkataba ni wa zamani. Wangu akasema hoja ni kesi ilianza lini, na kesi huanza siku mdaiwa anapopokea taarifa ya madai, si siku msuluhishi anapokaa kitini. Dada, sikujua kwamba kesi nayo ina siku ya kuzaliwa!

Sasa, kabla ya hayo yote, Kaka alikuwa amefika kwangu Jumapili, bahasha ya madai yake mkononi. Nikausukuma mkono wake, nikamwambia mgeni hapokelewi kwa karatasi, ale kwanza. Akala, akacheza na wanangu, akalala. Bahasha akanipa Jumatatu asubuhi, siku ile ile sheria mpya ilipoanza kazi. Msuluhishi akauliza kama kusukuma mkono nako ni kupokea. Wakili wangu akatazama dari.

Ndipo Kaka akasimama, wakili wake akimvuta koti. Akasema Jumapili hakunipa kitu. Angetaka, angeiacha bahasha mezani. Alijua fika kwamba sheria inabadilika kesho yake, ndiyo maana alikubali chakula upesi na kitanda pia. Akasema anataka kunishinda mimi, si kulizima tanuri la baba.

Msuluhishi akaamua kesi ilianza Jumatatu, na sheria ni mpya. Mashine bado tunaigombania, tena kwa sauti. Lakini nakuungamia wewe peke yako: pale nililia, nikasingizia mafua.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Ukiongea na Kaka, usimwambie nimemsifu; kesi haijaisha, na mimi bado nataka kushinda.

Mdogo wako,
Profesa wa Unga