Uso wa Shemeji kwenye Kioo Kipana

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana barua hii si fupi. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na miguu haivimbi tena. Huku kwangu wote wazima na wanakusalimu. Mimi goti la kushoto linalalamika kidogo, lakini meno ninayo yote isipokuwa matatu, wakati wenzangu wa rika langu wanakunywa uji. Mwandiko wangu unaujua, ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Shule niliiacha darasa la tatu ili wewe usome, kwa hiyo usizitafute nukta, soma tu mbele.

Leo tangu asubuhi sikai. Mistari hii michache nimeiandika, nikainuka, nikafagia studio iliyokwisha kufagiwa, nikarudi. Ni miezi minne sasa hujaniandikia, tangu lile jibu langu kuhusu picha ya marehemu mkeo. Juzi binti yako alinipigia simu. Alisema picha ile umeigeuza imetazama ukuta, na kwamba siku hizi unawauliza majirani kama mama yake alikuwa mnene au mwembamba, kwa kuwa wewe mwenyewe huna hakika tena. Basi nitakueleza mambo yalivyokuwa, na usinikatize.

Kazi yangu unaijua. Miaka arobaini na moja napiga picha mtaa huu, na watu wameposwa kwa picha zangu kabla hawajaonana. Nikimtazama mtu mara moja najua bega lipi liko chini. Mwaka huu kile kioo cha zamani cha kompyuta, chenye kisogo kikubwa, kilizimika kikagoma kuwaka. Mkwe wangu akaniletea kipya, chembamba kama sinia, kipana kama meza ya kulia. Alipokifunga, picha zikakaa katikati, na pembeni pakabaki weusi mtupu, kiganja kizima kila upande. Nikamwuliza huo weusi wa nini. Akasema kompyuta yangu ni ya zamani na inatoa picha ya umbo la zamani, kioo nacho ni cha umbo jipya, kwa hiyo niuache hivyo hivyo ndipo sura za watu zikae sawa. Nikamwambia mimi sijengi vyumba vitatu nikalala kimoja. Alipoondoka nikavibonyeza vile vidude vya chini ya kioo, kimoja baada ya kingine, mpaka weusi ukatoweka na picha ikajaa ukuta kwa ukuta. Nikawaita na majirani waje waone.

Ni kweli kila mtu alionekana amenenepa. Nikadhani kamera imechoka. Basi kila picha nikawa naibana pembeni, taratibu, hadi uso ukae vizuri machoni pangu, ndipo naichapa. Mwalimu mmoja alirudishiwa picha za kitambulisho. Akaniambia ofisini wamemwuliza kama huyu ni mdogo wake. Nikamshauri apunguze mawazo na ale vizuri. Mshona viatu wa jirani akatangaza kwamba nawakondesha watu kuliko njaa. Nikamjibu kwamba yeye viatu vyake vinabana, na hakuna aliyemsema.

Siku hizo hizo ndipo uliponitumia kwa simu ile picha ya mkeo, amekaa mlangoni na koti alilolishona mwenyewe. Wiki iliyofuata simu yako ikatumbukia kwenye ndoo, picha ikabaki kwangu peke yangu. Nami nilishaibana kama nyingine, nikaihifadhi juu ya ile ile uliyonitumia, na ya kwenye simu yangu nikaifuta. Nikaichapa kubwa, nikaitia fremu, nikakutumia. Ukanijibu kwa adabu kama kawaida yako. Ulisema unashukuru sana, ila mwenzako hakuwa hivi, uso wake ulikuwa wa duara, na huyu amefanana na yule wa siku za mwisho kitandani.

Nilichokujibu unakijua, lakini acha nikiandike, mkono uone aibu. Nilikuandikia kwamba jicho langu halikosei, kwamba huzuni imekula kumbukumbu yako, na kwamba mume anayesahau uso wa mkewe kabla mwaka haujaisha asimfundishe kazi mpiga picha.

Hapa nimeinuka tena. Nimekunywa maji, nimechungulia mlangoni kana kwamba namsubiri mtu, hakuna ninayemsubiri.

Yule mwalimu alipochoka kubishana nami, aliniletea fundi wa kompyuta, binti mmoja mpole. Huyo hakubishana. Alichukua mfuniko wa kopo la gundi, akachora duara kwenye karatasi, akalipiga picha, akaifungua kwenye kioo changu. Duara likawa yai lililolala. Akausogeza mfuniko wenyewe juu ya kioo ili nilinganishe. Akasema kioo kinavuta kila kitu kwa upana ili kijae, urefu hakiugusi, kwa hiyo ninapoibana picha ionekane sawa pale, kwenye karatasi naiharibu. Akabonyeza vidude, weusi ukarudi pembeni, yai likawa duara. Nikamwambia amechora vibaya. Akacheka, akasema haya mzee, akaenda zake. Nami nikauondoa weusi tena.

Sasa, mdogo wangu, lisikie lile lililonizuia kukaa. Barua yako ilifika Jumamosi. Yule binti fundi alikuja Jumanne. Jibu langu nililiandika Alhamisi. Nilipokuandikia kwamba umemsahau mkeo, yai nilikuwa nimeshaliona. Nilijua kwamba wewe ndiye uliyesema kweli. Lakini ningekubalije kwako, mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kwamba kaka yake hajui tena kazi? Nikaona heri wewe ukose kumbukumbu kuliko mimi nikose jicho. Mficha uchi hazai, wazee walisema, nami nimeficha hadi nimekutia wazimu.

Baada ya simu ya binti yako nilimfuata yule fundi kwake, kwa miguu, nikarudi naye studio, akaurudisha weusi pembeni. Nikamwomba anirudishie picha ilivyokuwa. Akaniuliza niliibana kiasi gani. Sikujua, nilibana kwa macho. Akasema basi tutafute humo ndani kitu chochote ambacho nina hakika kilikuwa duara. Nikamwonyesha vifungo vya koti, vinne, vikubwa, vyeupe. Vilikuwa vimesimama kama mbegu za maboga. Tukaivuta picha kidogo kidogo, mimi na rula yangu nikipima kifungo cha juu, mpaka upana wake ukalingana na urefu wake. Nilipoinua macho nikamwona shemeji. Mashavu yale yale. Alikuwa kama anataka kuniuliza mbona nimeingia moja kwa moja jikoni bila kupiga hodi.

Picha hiyo imo humu kwenye bahasha, katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Usimwulize tena jirani yeyote. Kumbukumbu yako ni nzima, ilikuwa nzima siku zote. Kilichopinda ni kioo changu, na baada ya kioo, mimi.

Vifungo nimevipima, lakini sikuishi naye mimi. Ukiitazama ukaona bado si yeye, kwamba shavu limepungua au shingo imezidi, niandikie, hata kwa matusi. Nitaivuta tena, na safari hii nitafuata macho yako.

Wasalimie watoto na wajukuu, mmoja mmoja. Mwambie binti yako asante kwa simu, ingawa alinisema sana.

Ni mimi kaka yako,
mpiga picha.